Refa wa Rumonge na Tezi Zake Mbili

Refa hakupenda kuulizwa habari za afya yake, lakini ukimwuliza habari za chumvi angekueleza mpaka chai ipoe. Alijua chumvi ya mawe inayouzwa kwa kipimo sokoni Rumonge, alijua ile laini ya pakiti, na alidai kwamba hata akifumba macho anaweza kukuambia ipi ni ipi. Wakati wa mapumziko ya mechi, wachezaji wakinyonya machungwa, yeye alifungua kikaratasi, akamimina chumvi kiganjani na kuilamba taratibu, bila haya. Wageni walishangaa. Sisi tulikwishazoea.

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa msaidizi wake wa pembeni, mshika kibendera. Siku za kazi mimi ni kinyozi, nina kibanda karibu na soko, na yeye alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Hata hivyo hakuna aliyemwita mwalimu. Mji mzima ulimwita Refa, kuanzia wavuvi mpaka wazee wa msikitini. Mke wake peke yake ndiye aliyemwita Baba Zawadi, na hata yeye, alipotaka kumchokoza, alisema, "Refa, chakula kiko tayari, usinipe kadi."

Alikuwa mrefu, mwenye miguu myembamba na sauti ndogo ambayo haikufaa kabisa kwa kazi yake. Akiongea nawe barabarani ilibidi usogee. Nadhani ndiyo maana aliipenda filimbi. Uwanjani hakubishana na mtu. Alipuliza, akanyoosha mkono, akageuka. Mchezaji akimfuata kulalamika, alimwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Nimeshaona, wewe cheza." Niliwahi kumwona akimtoa nje kwa kadi nyekundu shemeji yake mwenyewe, ndugu wa Mama Zawadi, kisha jioni wakala pamoja samaki mukeke wa kuchoma kama vile hakuna kilichotokea. Shemeji yule ndiye aliyelipa kisasi kwa kumaliza pilipili yote.

Alitaka kila kitu kianze kwa wakati, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Mara nyingi nilimkuta nyumbani kwake amepiga magoti anatafuta kiatu kimoja chini ya kitanda, huku anagomba kwamba vijana wa siku hizi hawaheshimu saa. Mama Zawadi alinitazama tu na kunivutia kiti. "Kaa, shemeji," alisema. "Kiatu kiko mlangoni. Lakini ngoja atafute, anafanya zoezi."

Kinyozi huona vitu ambavyo hata mke haoni. Mimi ndiye niliyegundua kwanza kwamba rangi yake inabadilika. Alikuwa na kovu la zamani nyuma ya kichwa, dogo, la rangi ya kahawia. Siku moja ninamnyoa nikaona limekuwa jeusi kama limepakwa wino. Mikunjo ya shingo nayo ilikuwa imekolea weusi, na alipocheka nikaona madoa meusi kwenye ufizi. Nilimwuliza.

"Iko jua," alisema. "Mutu anayekimbia juani siku nzima unataka awe mweupe?"

Niliendelea kunyoa, ingawa tangu nimjue alikuwa anakimbia juani.

Baada ya rangi, nguvu zikaanza kumwacha. Mtu aliyekuwa akimaliza dakika tisini bila jasho kumtoka sawasawa, sasa nilimwona anaegemea mlingoti wa goli mpira ukiwa upande wa pili. Akiinuka kwenye kiti alishika ukuta na kufumba macho, anasubiri dunia itulie. Nguo zilimlegea. Asubuhi alitapika, na mchana alisinzia mbele ya wanafunzi. Kitu pekee alichokitamani kilikuwa chumvi. Alikula ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa bila kuziosha, mikono miwili, mpaka Mama Zawadi akawa anazificha.

Mji ukaanza kusema. Rumonge si mji mkubwa, na mtu anayekonda huku anazidi kuwa mweusi hupewa majibu mengi kabla hajauliza. Wengine walisema ni ule ugonjwa wanaouita wa siku hizi. Alipima, hakuwa nao, lakini waliosema hawakwenda kupima maneno yao. Wengine walisema amepewa sumu na timu aliyoinyima penalti. Kuna mzee mmoja aliyekuwa anapenda kumpa mkono kwa nguvu kila siku, akaanza kumsalimia kwa kuinua kofia akiwa mbali. Refa aliliona hilo. Tangu siku ile alipopita pale alitia mikono mfukoni, ili mzee asipate taabu.

Yeye ambaye alicheka sana habari za uchawi, aliyewahi kufukua hirizi golini akaitupa ziwani mbele ya mashabiki, alikubali mama mkwe wake ampeleke kwa mganga huko upande wa Nyanza-Lac. Alikunywa mizizi, akatapika siku tatu, akarudi amebebwa. Nilipomwuliza kwa nini alikwenda, alinijibu kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Nilikuwa nimechoka, bwana mudogo. Mutu akichoka vile, mlango wowote ukifunguliwa anaingia."

Aliyeugundua ugonjwa wake ni daktari mwanamke, Bujumbura. Mama Zawadi alimpakia kwenye gari ya abiria, akampakata kichwa njia nzima kando ya ziwa. Daktari hakuanza na mashine. Alimwambia, "Fungua kiganja." Akatazama mistari ya kiganja, nayo ilikuwa myeusi kama imechorwa kwa kalamu. Akamwambia, "Fungua mdomo." Kisha akauliza, "Je, unapenda chumvi?"

Refa alinisimulia swali hilo mara nyingi. "Miaka miwili watu wananiuliza ninalala na nani, nimekula kwa nani, nimegombana na nani," alisema. "Yule mama akaniuliza kama napenda chumvi. Nilitaka kulia."

Vipimo vilithibitisha alichokishuku. Juu ya figo, daktari alimweleza, kila mtu ana tezi mbili ndogo, ambazo hakuna anayezifikiria kwa sababu hazisumbui. Ndizo zinazoupa mwili nguvu ya kustahimili: homa, njaa, woga, jua, mbio. Ndizo pia zinazozuia chumvi isipotee. Tezi zake zilikuwa zimekufa. Kifua kikuu alichougua ujanani, uhamishoni Tanzania, akatibiwa akakisahau, ndicho kilichozila pole pole. Hazitarudi. Lakini kazi yao inaweza kufanywa na vidonge, kila siku, asubuhi na mchana, maisha yake yote.

"Maisha yote?" Refa aliuliza.

"Maisha yote," daktari alisema. "Lakini ni maisha marefu, ukivimeza. Ukiacha siku mbili tatu, si marefu."

Alivimeza kwa nidhamu ya refa. Viwili asubuhi kabla hajaweka mguu chini, kimoja saa sita. Baada ya wiki moja alikuja kibandani kwangu anatembea, akakaa, akaniambia, "Leo nimesikia harufu ya mawese." Rumonge yote inanuka mawese, wanakamua kila mahali. Yeye alikuwa hajaisikia kwa mwaka mzima, kwa sababu hakuwa na nguvu hata ya kunusa. Nilimnyoa bure siku hiyo, naye hakukataa.

Nikisema aliponywa nitakuwa ninamsingizia. Alirudishiwa maisha, lakini kwa masharti. Kila siku alasiri kulikuwa na saa moja ambapo alizimika kama taa ya betri kuukuu. Ukimtembelea saa hiyo, anakuitikia "amahoro", salamu ya amani, halafu macho yanaenda mbali. Safari ilimtia hofu: kila mara aliwaza kwamba gari litaharibika njiani na vidonge viko kwenye begi lingine. Na hasira. Refa ambaye hakubishana na mtu alijikuta anafoka kwa sababu ya kijiko. Siku moja alimfokea Mama Zawadi mbele yangu kwa kuwa maji ya chai yalichelewa. Mama Zawadi aliweka birika chini, akatazama saa yake ya mkononi, akamwuliza, "Umekunywa cha saa sita?"

Ilikuwa saa nane. Hakuwa amekunywa. Alikwenda chumbani akameza, akarudi akakaa kando ya jiko, akamwambia mkewe, "Unisamehe. Lakini nitajuaje sasa? Nikikasirika, ni mimi au ni vidonge?"

"Kunywa kwanza," Mama Zawadi alisema. "Kama bado una hasira baada ya hapo, basi ni wewe, tutagombana vizuri."

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba ile, na nimeona ndoa nyingi zenye tezi nzima zisizo na sheria nzuri kama hiyo.

Kuna kipindi vidonge vyake viliadimika, vikatafutwa Bujumbura nzima bila kuonekana. Wakampa vingine vya aina hiyo hiyo lakini vikali zaidi, na kwa muda, mpaka daktari alipopunguza kipimo, vilikuwa vingi kwake. Uso ukawa mviringo kama sahani. Usingizi ukamkimbia, njaa ikamshika, na sauti yake ndogo ikapata maneno ambayo sijui yalikuwa wapi siku zote. Aliongea kutoka kibandani kwangu mpaka bandarini bila kuweka nukta. Alinunua bata kumi na mmoja. Alitaka kuanzisha ligi ya bata, au ya wenye bata, sikuelewa. Kipimo kiliposhushwa, alikaa uani anawatazama wale ndege kwa masikitiko. "Nani alinunua hawa?" aliuliza. Mama Zawadi alimjibu kwamba ni yule bwana mchangamfu aliyekuwa anaishi hapa mwezi uliopita. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kitu alichonifundisha kuliko sheria zote za mpira kilikuwa karatasi. Aliandika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, jina la ugonjwa, dawa, na nini kifanyike akizidiwa, pamoja na namba ya daktari. Ndani ya begi lake la filimbi aliweka chupa ndogo ya dawa ya sindano. Alinikalisha chini akanisomesha kama mwanafunzi.

"Nikipata homa, nameza mara mbili," alisema. "Nikitapika vidonge, hakuna kumeza tena, ni sindano. Na ukiniona naongea upuuzi, usibishane nami. Nitakuambia niko muzima. Usiniamini."

"Nisikuamini wewe?"

"Siku hiyo, usiniamini."

Siku hiyo ilikuja Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Tulikwenda kuchezesha mechi ya timu mbili za mwambao wa ziwa ambazo hazipendani. Asubuhi nilimwona amekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba tuliyofikia, amejishika tumbo. Alikuwa ametapika. Nikamwambia tumtafute mwingine achezeshe. Akasema ametapika kidogo tu, na kwamba akiondoka yeye, watu wa hapa watapigana kabla mpira haujawekwa katikati. Hilo lilikuwa kweli. Nikanyamaza, na kunyamaza kule bado kunaniuma.

Mechi ilianza saa tisa. Dakika kama ya ishirini nilinyoosha kibendera, mtu ameotea waziwazi. Refa alinitazama kama hanijui. Kisha akapuliza filimbi na kuwapa mpira wa adhabu watu wenye jezi nyekundu. Hakuna timu iliyokuwa na jezi nyekundu. Mashabiki wakaanza kucheka, wengine wakapiga kelele kwamba refa amelewa, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Akakaa chini katikati ya uwanja, polepole, kama anayekaa kwenye mkeka.

Nilitupa kibendera nikakimbia. Ngozi yake ilikuwa baridi na imelowa.

"Niko muzima," aliniambia. "Rudi kwenye mstari wako."

"Sikuamini," nikasema.

Tulimweka kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, begi la filimbi limening'inia shingoni mwangu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa kijana mtulivu, amechoka, ana foleni ya akina mama na watoto wenye homa. Alitaka kupima malaria kwanza. Akaniuliza kama mgonjwa amekunywa kitu.

"Hanywi," nikasema. "Tafadhali, soma hii."

Alisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaniambia kweli, bila kujificha, kwamba ugonjwa huo aliusikia shuleni tu na hajawahi kumchoma mtu dawa hiyo. Nilimwonyesha namba ya daktari. Akapiga, simu ikaita muda mrefu, na mimi namshika Refa kichwa kisianguke kwenye benchi. Sijui kama nimewahi kuogopa vile. Niliangalia macho yake yamefunguka nusu, hayanioni, nikafikiria nitamwambia nini Mama Zawadi. Halafu daktari akaitika. Muuguzi alisikiliza, akasema "ndiyo, docteur" mara nne, akaweka simu chini na kuvunja kichwa cha chupa.

Walimchoma, wakamtundikia maji ya chumvi. Chupa ya kwanza ikaisha, wakatundika ya pili. Nje bado kulikuwa na jua, na sauti za watu waliotoka uwanjani wakibishana. Kisha rangi ikarudi midomoni mwake, akafungua macho, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Matokeo?" aliuliza.

"Mechi imevunjika."

"Nani ameivunja?"

"Wewe."

Alifikiri juu ya hilo. Kisha akamgeukia muuguzi akamshukuru, "Murakoze, mwanangu," akalala usingizi wa kweli.

Alipopona aliandika ripoti ya mechi, kama sheria inavyotaka. Chama cha mpira kilitarajia aseme uwanja ulikuwa mbaya, au mashabiki walileta fujo. Aliandika kwamba refa aliingia uwanjani akijua kwamba ni mgonjwa, kwamba hilo ni kosa la refa, na kwamba mechi irudiwe na refa mwingine. Alinionyesha kabla hajaipeleka. Nilimsihi apunguze. Alikataa. Alisema, "Nimewapa watu kadi maisha yangu yote. Hii ni yangu."

Hakuchezesha tena mechi kubwa. Uamuzi ulikuwa wake, na ulimgharimu. Kwa miezi kadhaa hakupita karibu na uwanja. Akisikia kelele za goli kutoka mbali, alifunga dirisha. Mama Zawadi alinieleza kwamba alimkuta analia huku amekunja ile sare nyeusi, na alipomwuliza kama amemeza kidonge, alisema ndiyo, nimemeza, hii ni mimi. Basi akakaa naye pale sakafuni mpaka akamaliza.

Kilichomtoa ndani ni wasichana wa shule. Walikuwa na timu na hawakuwa na mtu wa kuwachezesha, wakamfuata nyumbani wote kwa pamoja, na mmoja akamwambia kwamba kwao nusu ya mchezo ni dakika ishirini tu, hatachoka. Alikwenda siku moja kujaribu. Akaenda tena. Baadaye alianza kuwafundisha wenyewe kushika filimbi, na leo kuna mabinti wawili kutoka Rumonge wanaochezesha mpaka Bujumbura, wote wananyoosha mkono na kugeuka bila kubishana. Niliwahi kumwuliza kama haoni uchungu kuwaona wanakimbia.

"Zamani nilikuwa nakimbia bila kujua nakimbia," alisema. "Sasa nikikimbia hatua ishirini, najua zote ishirini. Si mbaya."

Sasa anaishi Kizuka, kwenye shamba la michikichi la ukoo wa mkewe, na tunaonana mara moja moja. Mwaka huu, kabla ya mvua, alishuka mjini kuchukua vidonge vyake, akapita kibandani. Nilimnyoa, tukala, akameza cha saa sita, halafu akasema anataka kuona ziwa. Tulitembea ufukweni polepole. Akina mama walikuwa wameanika ndagala, eneo zima linang'aa kama bati. Watu walimsalimia. Yule mzee wa kofia alitoka dukani kwake akampa mkono, akautikisa muda mrefu, akamwuliza habari za bata.

Tulipofika mwisho wa maanikio, Refa alisimama.

"Nimechoka," alisema. "Tukae."

Alilisema kama mtu anayesema kuna upepo. Tukakaa kivulini, migongo yetu kwenye ukuta wa ghala, miguu mchangani. Aliniuliza habari za wanangu. Nilikuwa namjibu kuhusu wa pili, yule anayesoma ufundi wa umeme, nilipoona kichwa chake kimeniegemea begani. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, viganja vyake vyenye mistari myeusi vimefunguka juu ya mapaja.

Mvuvi mmoja aliyebeba injini ya mtumbwi begani alipita, akatutazama, akasimama.

"Anaumwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilimtazama Refa vizuri kabla sijajibu, kwa sababu nimefundishwa kutazama. Ngozi ilikuwa kavu na ya joto. Pumzi ilikwenda na kurudi bila haraka.

"Hapana," nikasema. "Amelala tu."

Mvuvi akaitikia kwa kichwa, akapunguza mwendo ili viatu vyake visipige kelele kwenye mawe. Nilikuwa na wateja wananingoja kibandani. Nikawaacha wangoje.